Lini Utandaze Ramani Mezani, na Lini Usimulie Tu

Kila anayeanza kuongoza michezo ya kuigiza ya mezani, ambamo mwongozaji husimulia hadithi na kila mchezaji huamua mhusika wake afanye nini, hufika mahali akajiuliza kama anunue sanamu ndogo za wahusika na ramani ya karatasi ya miraba ya kuzipanga, au ategemee ulimi wake peke yake. Nimeongoza kwa njia zote mbili kwa muda wa kutosha kuona kwamba swali hili huulizwa vibaya, kwa kuwa watu hulijibu mara moja kwa maisha yao yote, kana kwamba wanachagua dhehebu. Linalohitaji kuamuliwa ni jambo dogo zaidi, nalo huamuliwa upya kwa kila tukio: je, mahali aliposimama mhusika pataathiri uamuzi wa mchezaji? Kama pataathiri, mchezaji ana haki ya kupaona. Kama hapatabadilisha chochote, ramani inabaki kuwa pambo, na pambo hilo huja na gharama zake.

Tusisahau kwamba sanamu zilitangulia. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii uliotoka mwaka 1974, ulitokana na michezo ya vita ambayo Gary Gygax na Dave Arneson walikuwa wakiicheza kwa askari wadogo waliopangwa mezani, na ndiyo maana vitabu vyake vya mwanzo vilipima mwendo na umbali kwa inchi. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilifika mbali zaidi likapima karibu kila kitu kwa miraba. Toleo la tano, la mwaka 2014, likarudi kwenye futi na kuifanya miraba kuwa hiari. Hata hivyo, hesabu za mezani hazikuondoka. Mhusika wa kawaida anayekwenda futi 30 kwa zamu moja anakwenda miraba 6 ya futi 5 kila mmoja, hata kama hakuna mraba wowote uliochorwa.

Kutokana na hilo, hatua ya kwanza ninayomshauri mwongozaji ni kusoma karatasi za wahusika, yaani zile zinazoorodhesha uwezo wa kila mhusika, kabla ya kuamua lolote. Mchezaji aliyechagua mhusika mwenye mbio kuliko wenzake, au mwenye uwezo wa kumsukuma adui futi 10 nyuma, ameacha uwezo mwingine ili apate huo. Ukisimulia mapambano kwa maneno ya jumla kama "wako karibu" na "yuko mbali kidogo", umemnyang'anya alichokichagua bila kumwambia. Wenzake wenye mapanga na nguvu za kawaida hawataona tofauti, lakini yeye ataona, na mara nyingi atanyamaza. Kwa kundi la namna hiyo mimi hutandaza ramani bila kusita katika kila pambano kubwa.

Mambo ni tofauti kabisa katika michezo ya kutisha. Katika Call of Cthulhu, kwa mfano, ambako wahusika ni watu wa kawaida wanaokutana na mambo yanayozidi akili zao, sijaona faida ya kuweka sanamu ya jinamizi mezani. Kiumbe kilichokuwa kikisikika kikiburuta mwili wake nyuma ya mlango kinageuka kuwa kijitu cha sentimita chache ambacho mtu anaweza kukinyanyua kwa vidole viwili na kukisifia rangi. Hofu haistahimili jambo hilo.

Ramani ina gharama nyingine ambayo wauzaji wa sanamu hawataitaja: inafunga milango ya kile ambacho hakikuchorwa. Niliwahi kuongoza pambano ndani ya kinu cha kusaga nafaka, bila ramani, na mchezaji mmoja akauliza kama hewa ya mle ndani ilikuwa na vumbi la unga. Bila shaka ilikuwa nalo. Kinu gani kisiwe na vumbi? Akaomba wenzake watoke, akarusha taa ndani, na paa likaruka. Ninaamini kwamba kama ningechora chumba kile, kikiwa na mawe ya kusagia, magunia manne na ngazi, angehesabu miraba hadi kwenye gunia la karibu na kujificha nyuma yake. Mchezaji anayetazama ramani huuliza kilichopo, ilhali anayesikiliza simulizi huuliza kinachoweza kuwapo.

Tena, kitendo chenyewe cha kutandaza karatasi ya miraba ni tangazo la vita. Mikono huenda kwenye dadu, mazungumzo hukatika, na yule mlinzi wa lango ambaye ungependa wamhonge au wamdanganye amekwisha kuwa shabaha. Ukitaka kuacha nafasi ya majadiliano, simulia kuwasili kwao, mpe mlinzi sauti na jina, na usiguse ramani mpaka pigo la kwanza litupwe. Baadhi ya waongozaji hutandaza ramani hata kwenye matukio ya amani ili wachezaji wasiihusishe na mapigano. Ni mbinu nzuri kwa mwenye muda wa kuchora, nami sinao.

Anayechagua kusimulia, kwa upande wake, anabeba mzigo wa haki. Wachezaji hawaoni kitu isipokuwa kupitia kwako, na wakikosea kwa sababu hukuwaambia jambo, kosa si lao. Mimi hufungua kila zamu kwa kurudia hali ilivyo, kwa sentensi chache na kwa namna ileile: nani yuko karibu nawe, nini kinakutishia, na nafasi gani iko wazi. Kwa mfano: "Zamu ni yako. Mazimwi mawili yamekubana ukutani, na ukiondoka yatapata nafasi ya kukupiga. Mpiga upinde yuko juu ya ngazi. Utamfikia zamu hii ukikimbia, lakini hutapata muda wa kumpiga. Mwenzako ameanguka karibu na miguu yako na anatokwa na damu." Marudio hayo huonekana ya kuchosha kwa anayeyatamka, lakini huwaokoa wasikilizaji na swali la "kwani yule yuko wapi?" Pakiwa na shaka juu ya umbali, shaka hiyo impendelee mchezaji, na uamuzi utolewe kabla dadu hazijarushwa.

Uchawi wa mpira wa moto ndio mtihani mkubwa wa simulizi. Unaenea futi 20 kila upande kutoka katikati yake, yaani duara lenye upana wa miraba 8, na juu ya ramani kila mtu anaona nani anaungua. Bila ramani, mchawi atadai maadui saba, nawe utaona watatu. Kitabu cha waongozaji cha toleo la tano, cha mwaka 2014, kina njia nyepesi: gawa futi za nusu kipenyo kwa 5, upate walengwa 4 hivi. Mimi huongeza mmoja au wawili ikiwa maadui wamesongamana, au ikiwa mchezaji yuko tayari kumwunguza na rafiki yake, na huitaja idadi hiyo kabla hajaamua kutumia uchawi wake.

Kati ya njia hizi mbili ipo ninayoitumia kuliko zote, nayo haihitaji fedha wala ufundi. Chora mahali kwa kalamu kwenye karatasi tupu, bila kipimo, kisha weka vifungo vya nguo au sarafu kuonyesha nani yuko wapi. Pambano likienea katika vyumba kadhaa, andika "ukumbini", "ngazini" na "uani" kwenye vipande vya karatasi, na uamue kwamba kuhama kutoka kipande kimoja hadi cha jirani kunamaliza mwendo wa zamu. Michezo inayotumia kanuni za Fate, mfumo mwingine wa michezo ya kuigiza, hugawa mahali kwa maeneo ya namna hiyo tangu mwanzo. Karatasi ya aina hii ni muhimu zaidi pale mezani panapokuwa na mtu asiyeweza kuona picha akilini, hali iliyopewa jina la afantasia mwaka 2015. Watu hao wapo, na wengi hawatajitambulisha. Ukiona mchezaji anauliza mpangilio wa chumba kila zamu, usimwone mzembe. Mpe karatasi.

Na ukishaitandaza ramani, hulazimiki kuiacha hadi adui wa mwisho aanguke. Kiongozi wa majambazi akiisha kufa na waliobaki wakawa wanatafuta njia ya kukimbia, miraba haina tena swali la kujibu. Zoa sanamu, muulize kila mchezaji mhusika wake anafanya nini na wanaokimbia, kisha simulia yaliyosalia.