Volkswagen haiwaki ikiwa ya moto

SWALI: Ndugu Fundi, nimerithi kwa marehemu baba Volkswagen Beetle 1500 ya mwaka 1969. Alfajiri inawaka mara moja bila shida. Nikitoka Morogoro na kusimama Chalinze kwa petroli na chai, haiwaki tena. Safari nyingine nasikia “tak” moja tu na stata haizunguki. Safari nyingine stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Nikisubiri kama nusu saa, inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Fundi amekwisha kubadilisha betri, koili na pampu ya petroli, na fedha zinazidi kuteketea. Nifanye nini? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kulitunza gari la mzee. Barua yako inaeleza magonjwa mawili, si moja, na naamini ndiyo sababu vipuri vitatu vimebadilishwa pasipo nafuu. Stata isipozunguka, mtafute anayeinyima umeme; ikizunguka na injini isishike, tafuta petroli au cheche. Jambo la pili, ambalo nalisisitiza kuliko yote, ni kwamba gari lipimwe likiwa limegoma. Ukilipeleka gereji asubuhi likiwa limepoa, kila kipimo kitatoka salama na fundi atabaki kubahatisha. Liendeshe hadi lipate joto kamili, lizime, lisubiri dakika 10 hadi 15, ndipo lipimwe papo hapo. Injini ikizimwa, feni nayo husimama, na joto lililomo kwenye silinda hupanda taratibu kwenye kabureta, pampu na koili, kwa hiyo vitu hivyo hupata joto kali zaidi baada ya gari kusimama kuliko lilipokuwa mwendoni.

Tuanze na ile “tak”. Katika Beetle, umeme unaoiamsha solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoivuta gia ya stata) hutoka kwenye betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, huenda mbele hadi swichi ya funguo, kisha hurudi nyuma hadi kwenye stata iliyo ubavuni mwa giaboksi. Katika gari la umri huo, kila kiungo chenye kutu humega volti kidogo. Asubuhi kinachobaki hutosha. Lakini waya wa shaba ulioviringwa ndani ya solenoidi huongeza ukinzani, yaani huubania umeme, kwa takriban asilimia 4 kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, hivyo solenoidi iliyopata nyuzi 70 zaidi ya asubuhi hupitisha mkondo pungufu kwa takriban moja ya tano, na nguvu ya kuivuta gia ya stata haipatikani tena.

Gari likigoma namna hiyo, weka gia huru, vuta hendibreki, kisha weka mita ya volti kati ya waya mwembamba wa solenoidi na bodi ya stata huku mwenzako akigeuza ufunguo. Iwapo betri inabaki karibu na volti 12 lakini waya huo unapata 9 au pungufu, umeme unapotelea njiani: safisha viungo, kagua swichi ya funguo, na ikibidi funga rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) karibu na stata ili waya ule mrefu ubaki na kazi ya kuiamsha rilei tu. Kagua pia mkanda wa adhi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) unaounganisha giaboksi na chesisi. Injini na giaboksi vimekalia mipira isiyopitisha umeme, kwa hiyo mkanda huo ukilegea au kuliwa na kutu, stata haina njia nzuri ya kurudishia umeme. Na endapo stata huzunguka kwa uzito, ulizia bushi, yaani pete inayoshika ncha ya shafti yake. Bushi hiyo imo ndani ya giaboksi, haimo ndani ya stata, ndiyo maana watu hununua stata mpya na kuacha bushi iliyolika pale pale.

Sasa siku ile stata inapozunguka na injini isishike. Kabla ya kitu kingine, zima sigara zote na uwe na kizima-moto karibu. Ondoa kisafisha hewa, chungulia kooni mwa kabureta, na usukume kwa kidole mkono wa kabureta unaovutwa na pedeli ya mafuta. Ukiona mchirizi mwembamba wa petroli ukirushwa ndani, petroli ipo. Usipouona, bakuli la kabureta limekauka kwa kuchemka, au pampu imejaa mvuke. Ukikuta koo limelowa na harufu ni kali, petroli imezidi: kanyaga pedeli hadi chini, uishikilie hapo bila kuipampu, na uzungushe stata.

Petroli ikiwa sawa, mwambie fundi apime cheche. Ikiwa ya manjano na dhaifu, ningeitazama kwanza kondensa (kidude cha kuhifadhi umeme kidogo) ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kwa kuwa koili umekwisha kuibadilisha na kondensa ni ya bei ndogo. Mwanya wa platini, swichi ndogo iliyo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili, uwe milimita 0.4. Vali nazo zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, kwani vali iliyobana hupoteza mgandamizo injini inapopata moto.

Naomba uniangalizie pia mpira unaoziba mwanya kati ya injini na bodi, pamoja na mabati yanayoizunguka injini. Vitu hivi hutupwa kila injini inaposhushwa, eti havina kazi. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto kutoka chini, kwenye bomba la moshi, isipande na kuvutwa tena na feni. Beetle isiyo na mpira huo hujipikia petroli yake yenyewe, na hakuna pampu mpya itakayoiponya.

SWALI: Peugeot 504 yangu ikigoma kwa joto, fundi huweka kitambaa chenye maji juu ya pampu ya petroli na gari huwaka. Je, kuna madhara? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Kitambaa kilichokamuliwa kikiwekwa juu ya pampu pekee hakidhuru. Tena kinakupa jibu: ikiwa gari huwaka dakika chache baadaye, mvuke ulikuwa kwenye petroli. Nadhani bomba la petroli limesogezwa karibu mno na sehemu yenye moto, kwa hiyo lirudishwe mbali na lishikiliwe kwa klipu zake. Usimwage maji juu ya injini yenyewe, kwani chuma cha moto kikipoa ghafla huweza kupasuka, na uyaweke mbali kabisa na distributa.