Swali Nililoulizwa Beni

Mhariri, swali lenu la wiki linasema: "Unapokaribia kurudi nyumbani kutoka kazi ya mbali, ni jambo gani ungependa watu wako walielewe kabla hujafika?" Ninalijibu nikiwa Beni, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako namaliza zamu ya mwaka mmoja nikiwa askari wa Tanzania chini ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini humo. Sitataja jina langu wala kikosi changu, na mipango ya ulinzi haina nafasi katika barua hii. Lakini haya ninayoyaeleza si siri, kwa maana wakazi wa Beni wenyewe huyasema hadharani kila siku. Ningependa watu wangu waelewe kwamba nimeishi mwaka mzima nikiulizwa swali moja ambalo sijaweza kulijibu, na kwamba sitaki kupokelewa kwa namna itakayonifanya nilisahau.

Swali hilo huulizwa kwa maneno mengi, ila kiini chake ni hiki: ninyi mko hapa, mna bunduki, mna magari ya deraya na helikopta, mbona sisi tunaendelea kuuawa? Nimeulizwa na mama muuza makayabu, yaani samaki wa chumvi, sokoni, na mzee wa kanisa aliyetoka kuzika, na vijana wa pikipiki ambao hawakusubiri hata nimalize kuwasalimu. Wenzetu waliotoka India, Nepal au Uruguay husikia malalamiko kama haya kupitia kwa mkalimani, na mkalimani mwenye busara hupunguza makali ya maneno kabla ya kuyafikisha. Sisi Watanzania hatuna kinga hiyo, kwa kuwa watu wa Beni huzungumza Kiswahili kama sisi. Tunasikia hata yasiyokusudiwa masikio yetu: wanawake wawili wakinong'ona nyuma ya meza ya ndizi, mtoto akimkataza mwenzake asitupungie mkono. Na kwa kuwa wanajua tumesikia na kuelewa, kimya chetu huwauma kuliko kimya cha askari mwingine yeyote.

Wana haki ya kuuliza. Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi ya kujibu mashambulizi yenye hadi askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na likaipa ruhusa ambayo kwa kawaida walinda amani hawapewi, yaani kuyafuata makundi yenye silaha mahali yalipo na kuyavunja nguvu bila kusubiri kushambuliwa. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Agosti mwaka huo Meja Khatibu Mshindo wa Tanzania aliuawa katika mapigano ya kaskazini mwa Goma, mji mkuu wa mkoa huu, na ilipofika Novemba waasi wa M23 walikuwa wameshindwa na jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi hiyo. Ushindi ule ulijenga matumaini makubwa. Watu wa Beni waliamini kwamba walichofanyiwa wenzao wa Goma nao watafanyiwa, na sioni kosa lolote katika kuamini hivyo, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuja na ahadi iliyoandikwa.

Lakini waasi wa ADF, waliotoka Uganda na kuweka mizizi katika misitu ya huku tangu miaka ya 1990, hawapigani kama M23. Hawashiki mji na kupandisha bendera ili uende kuwaondoa. Hutembea katika vikundi vidogo ndani ya msitu mzito, hufika kijijini usiku au huwavizia watu shambani, huua kwa mapanga ili mlio wa risasi usiwaite askari, kisha hutoweka kabla taarifa haijafika kambini. Mauaji makubwa ya raia karibu na Beni yalianza Oktoba 2014, na tangu hapo yamepita katika Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vingine vingi ambavyo majina yake hayajawahi kutajwa katika redio za nyumbani. Serikali ya Kongo iliweka mkoa huu na mkoa jirani wa Ituri chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, majeshi ya Uganda yakaingia kushirikiana na ya Kongo Novemba mwaka huohuo, na bado watu wanauawa. Ninaweza kumweleza mtu ugumu huu wote kwa ufasaha. Ila nimejifunza kwamba kumweleza mfiwa ugumu wa kazi yako si kumjibu.

Sisi nasi tumelipia. Kila zamu ya Watanzania inayofika huku husimuliwa habari za Semuliki, ambako jioni ya 7 Desemba 2017 kambi yetu ilishambuliwa na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi, hadi ndugu zetu 15 wakapoteza maisha na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Mwaka uliofuata, Novemba 2018, katika operesheni dhidi ya ADF, askari wa Malawi aitwaye Chancy Chitete alimwona koplo wa Tanzania amepigwa risasi na hawezi kusogea. Akamvuta hadi mahali penye usalama, akaanza kumpa huduma ya kwanza, na yeye mwenyewe akapigwa na kufa. Mei 2019 Umoja wa Mataifa uliikabidhi familia yake nishani ya ujasiri yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu wengi Rwanda mwaka 1994 kabla hajauawa. Mtanzania yule yuko hai kwa sababu Mmalawi alikubali kufa, na natamani habari hii ifundishwe katika shule zetu, maana sijui watoto wangapi wa Tanzania wamewahi kulisikia jina la Chitete.

Ninazionea fahari habari hizi. Hata hivyo, ukimweleza mama wa Oicha aliyempoteza mwanawe kwamba askari 15 wa nchi yako wamezikwa kwa ajili ya amani yake, atakupa pole, tena pole ya dhati, kisha atakuuliza lilelile. Kujitoa kwetu hakumrudishii mwanawe wala hakumfungulii njia ya shambani. Ndiyo maana huniuma ninaposikia ndugu zangu nyumbani wakisema kwamba watu wa huku hawana shukrani. Walisema hivyo Novemba 2019, wananchi wa Beni walipoliteketeza jengo la manispaa na kuivamia kambi ya Umoja wa Mataifa baada ya mauaji kuzidi. Wakasema tena Julai 2022, maandamano ya Goma na Butembo yalipoua raia na walinda amani. Siwezi kuhalalisha kuuawa kwa askari mwenzangu hata mmoja. Lakini mtu anayeandamana akidai alindwe hakatai ulinzi, analalamikia kuukosa.

Hapa inanibidi niseme nilikotoka. Nimezaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, na nimekua nikiwaona wakimbizi wa Kongo wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1990. Wengi wao walitoka Kivu Kusini, si huku niliko, lakini sisi majirani zao hatukujali tofauti hiyo. Tuliwazungumzia kwa wingi wao: wamefika wangapi, wanakula nini, watarudi lini kwao. Sikumbuki kumsikia mtu wa kwetu akimuuliza mkimbizi ni nini alichokuwa akilima kabla ya kukimbia. Sasa najua, angalau kwa watu wa Beni, kwamba wanalima kakao na kahawa, kwamba mashamba yao yenye rutuba yako palepale msitu unapoanza, na kwamba msimu wa mavuno, ambao kwetu ni wa harusi na kulipa ada za shule, kwao ni wa hofu kuliko misimu yote. Mkulima aliyepalilia mwaka mzima hulazimika kuamua kama kilo za kakao zinatosha kuhatarisha maisha ya binti yake. Wapo wanaoamua kwenda, kwa sababu njaa nayo inaua. Nimewaona wakitoka alfajiri wakiwa wamefungasha vifaa vyao, wanasalimia kwa adabu, wanapita. Na watu hawahawa ndio walioupitia mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ulioua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo, huku mauaji ya msituni yakiendelea bila kupumzika.

Nikirudi najua nitaulizwa mengine. Nitaulizwa kama nimeua, na hilo sitalijibu sebuleni kwa mtu. Nitaulizwa nimepata dola ngapi. Kwa kuwa uvumi ni mwingi, niseme wazi kwamba fidia ambayo Umoja wa Mataifa hulipa kwa kila askari, ambayo tangu 2018 imezidi dola 1,400 kwa mwezi, hulipwa kwa serikali iliyomtuma, na serikali ndiyo inayopanga posho ya askari wake. Posho hiyo imenisaidia na sioni haya kuipokea. Ila mtu anayedhani kwamba tunakuja huku kwa ajili ya nyumba ya bati na gari hajawahi kulala lindo karibu na msitu ule.

Nitasifiwa pia, na hili linanisumbua kuliko la dola. Mtaani kwetu askari anayerudi huitwa shujaa, hupewa kiti cha mbele, na kikao kizima hugeuka kuwa cha kumshukuru Mungu kwamba amerudi salama. Naungana nao kumshukuru Mungu. Mama yangu amefunga na kuomba mwaka mzima, na sitamnyima furaha yake. Lakini heshima ya namna hiyo huufunga mjadala kabla haujaanza, kwa sababu shujaa haulizwi kama kazi imekamilika. Mimi nataka niulizwe. Kazi haijakamilika. Januari 2025 mji wa Goma, ambao Meja Mshindo alikufa akiulinda, ulitekwa na M23 waliorejea vitani mwishoni mwa 2021. Mpango wa kuondoa MONUSCO hatua kwa hatua uliidhinishwa Desemba 2023, na Kivu Kusini walinda amani walikwisha kuondoka Juni 2024. Wananchi wa Beni wanaoimba kwamba tuondoke ndio haohao wanaotuuliza pembeni nani atabaki nao tukiondoka, na yote mawili wanayasema kwa kumaanisha.

Nina neno kwa mke wangu pia, ambaye najua atalisoma gazeti hili. Mwaka huu ameamua peke yake mambo ambayo tulizoea kuyaamua wawili: shule ya mtoto, matibabu ya mama, mgogoro wa mpaka wa kiwanja. Sitarudi nikidai kukabidhiwa usukani kana kwamba alikuwa akinishikia tu. Nitakaa kwanza nijifunze nyumba inavyoendeshwa sasa.

Kama kuna jambo la utumishi huu ambalo ningelisimulia kwa urefu, ni hili. Katika njia moja inayokwenda mashambani, doria yetu ilikuwa ikipita mchana, jua likiwa kichwani, na kwenye karatasi ilionekana doria nzuri. Askari wetu wa kike walipokaa na akina mama wa kijiji, bila sisi wanaume kuwapo, wakaambiwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia: mchana kila mtu yumo shambani tayari, na hatari ipo asubuhi wanapokwenda wakiwa wachache na alasiri wanaporudi wakiwa na mizigo. Waliomba tupite saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri. Taarifa ilipelekwa juu, wakubwa wakakubali, ratiba ikabadilika. Baada ya muda baadhi ya akina mama waliokuwa wameyaacha mashamba yao wakaanza kuyapalilia tena. Siwezi kudai kwamba tuliimaliza hatari katika njia ile, kwa maana hatukuimaliza. Ninachodai ni kwamba tuliulizwa, tukasikiliza, tukabadilisha kitu kilichokuwa ndani ya uwezo wetu, na nimeona hilo likifanya kazi kuliko hotuba nyingi nilizozisikia juu ya amani.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kasulu, mkija kunisalimia niulizeni habari za watu hawa: wanalima nini, wanauza wapi, watoto wao wanasoma vipi shule zinapofungwa, wamezika wangapi. Na mkitoka kwangu, nendeni Nyarugusu mkaulize hivyohivyo.

Zamu mpya imekwisha kufika na tunakabidhiana kazi wiki hii. Katika taarifa yangu ya makabidhiano nimeziandika saa zile mbili za doria pamoja na sababu zake na jina la kijiji, na nimewaomba wakubwa wangu zisibadilishwe kabla ya akina mama wenyewe kuulizwa.