Kabla ya kugawa seva kubwa, angalia kumbukumbu ilipo

Kila seva kubwa yenye prosesa nyingi inapofika, maombi huwa yale yale. Watu wa hifadhidata wanataka prosesa kadhaa na gigabaiti kadhaa za kumbukumbu (RAM), watu wa majaribio nao wanataka zao, na kinachobaki kiwekwe akiba. Msimamizi anajumlisha, anaona zinatosha, anagawa. Miezi michache baadaye ananiita: patisheni (sehemu ya seva iliyotengwa ifanye kazi kama mashine kamili) yenye prosesa 12 inafanya kazi kama ya prosesa 8, na hakuna kilichoharibika.

Nikifika siulizi ana prosesa ngapi. Namwomba anichoree zimekaa wapi, na kumbukumbu zimekaa wapi. Hapo ndipo kazi yangu yote ilipo, maana katika mashine hizi kumbukumbu haiko umbali mmoja kwa kila prosesa.

Chukua HP Superdome, mashine iliyotoka mwaka 2000 na iliyowafundisha wengi wetu kazi hii. Kabati moja hubeba bodi 8 za seli, kabati mbili 16, na kila bodi ina nafasi za prosesa na kumbukumbu zake. Katika Superdome ya kwanza seli nne nne zilikutana kwenye krosiba moja, yaani swichi inayoziunganisha. Prosesa ikitafuta data ndani ya seli yake, inaipata upesi. Ikiwa data iko kwenye seli jirani chini ya krosiba ile ile, inasubiri zaidi. Ikibidi kuvuka kwenda krosiba nyingine, inasubiri zaidi tena. Sasa mtu akikuundia patisheni kwa kuokota seli mbili upande huu na moja upande ule, kwa sababu tu ndizo zilizokuwa tupu, jibu la yule mwenye prosesa 12 umeshalipata.

Kwa hiyo panga patisheni kubwa kwanza, uiweke chini ya krosiba moja ikiwezekana, kisha ndogo zijaze nafasi zilizobaki. Wengi huanza na ndogo kwa kuwa ndizo zinazoombwa mapema, na kubwa inakuja kukuta viti vya pembeni. Na kama kazi yenyewe inaenea ndani ya seli moja, iache ndani ya seli moja. Nimeshaona mfumo uliopewa seli ya pili kama zawadi ukapungua kasi.

Idadi ya seli nayo ina maana yake: 2, 4, 8 au 16. HP wenyewe walishauri hivyo, na sababu ni jinsi kumbukumbu inavyotawanywa. Mashine ikitawanya anwani kwenye seli zote kwa zamu, hufanya hivyo vizuri zaidi idadi inapogawanyika kwa mbili mpaka mwisho. Seli tatu zinalazimisha mgawanyo wa viraka. Ni hivyo hivyo seli moja ikiwa na kumbukumbu kidogo kuliko wenzake: sehemu ya anwani inaenea kwenye seli zote, na iliyobaki inarundikana kwenye zile zenye nyingi, nazo zinabeba msongamano wote. Ukinunua kumbukumbu za nyongeza, weka kiasi kile kile kwenye kila seli ya patisheni hiyo. Kuijaza seli moja mpaka pomoni ni rahisi kwa fundi, ila mwenye mfumo ndiye atakayelipa.

Halafu kuna swali linalozua ubishi kuliko yote: kumbukumbu itawanywe, au ibaki ya seli, yaani itengwe ndani ya seli yake? Piga hesabu. Ukitawanya yote kwenye seli 4, prosesa yoyote inapata robo tu ya data karibu yake, robo tatu inaifuata nje. Kwenye seli 8, ya karibu ni moja ya nane. Kutawanya kunakupa wastani usioyumba, lakini kadiri patisheni inavyokua, wastani wenyewe unazidi kuwa mbaya. Kumbukumbu ya seli ina faida kubwa kwa mchakato unaotumia data yake binafsi na kukaa mahali pamoja. Eneo la pamoja la hifadhidata, linaloguswa na kila mchakato kutoka kila seli, ni afadhali litawanywe, la sivyo seli moja inageuka foleni.

Mfumo wa uendeshaji lazima nao uwe unaijua habari hii. HP-UX, mfumo wa HP wenyewe, katika toleo la 11i v1 haikuweza kutumia kumbukumbu ya seli, ukiitenga, umeipoteza. Kuanzia 11i v2 iliwezekana, na 11i v3 ilipopata utaratibu wa LORA, unaoweka kazi karibu na kumbukumbu yake, ushauri ukageuka kabisa: sehemu 7 kati ya 8 ziwe za seli, moja itawanywe. Ndiyo maana simwamini mtu anayenipa uwiano wa kunakili bila kuniuliza toleo la mfumo.

Kwenye mashine za IBM Power jina linabadilika, tatizo halibadiliki. Ingia kwenye AIX, mfumo wa uendeshaji wa IBM, uandike `lssrad -av`. Inakupa jedwali dogo: kila mstari ni kundi moja la rasilimali zilizo karibu, safu moja ya MEM, nyingine ya CPU. Mimi natafuta mstari wenye kumbukumbu nyingi na safu ya CPU tupu, au wenye prosesa na MEM ikiwa sifuri. Ukiuona, una prosesa ambazo kila kitu wanachokihitaji wanakifuata kwa jirani. Mara nyingi chanzo ni patisheni kuundwa na kubomolewa ovyo, au mpangilio wa kuwasha: mashine ikizimwa yote, washa patisheni kubwa na muhimu kwanza ili zichague mahali, ndogo zifuate. Kwenye mashine zenye uwezo huo, `lsmemopt` kwenye HMC (kituo cha kusimamia mashine za Power) hukupa alama ya mpangilio hadi 100, na `optmem` huhamisha kumbukumbu bila kuzima. Ifanye usiku, uhamisho wenyewe unakula nguvu.

Kwenye Linux anza na `numactl --hardware`. Chini kabisa kuna jedwali la umbali: 10 ni nyumbani, na namba kubwa zaidi, mara nyingi 21 kwenye mashine ya soketi mbili, ni kwa jirani. Kisha `numastat`, ukiangalia kama `numa_miss`, hesabu ya kumbukumbu iliyotolewa mahali tofauti na palipotakiwa, inapanda huku kazi ikiendelea. Namba moja peke yake haisemi kitu, kwa hiyo isome mara mbili kwa kuachanisha muda.

Kadi za mtandao na za diski zisisahaulike. Kila kadi imechomekwa upande fulani, na patisheni ambayo prosesa zake ziko upande mmoja na kadi zake upande mwingine inavuka daraja kwa kila pakiti.

Ukishapanga, pima kwa kazi halisi ya mwisho wa mwezi, ile inayolalamikiwa. Programu za kupimia huwa ndogo, zinaingia kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) na kukuonyesha mashine nzuri kuliko uliyo nayo. Badilisha jambo moja, washa upya, pima, uandike. Kwenye Superdome, kuitoa seli moja au kubadilisha kiasi cha kumbukumbu ya seli kwa kawaida kunadai patisheni iwashwe upya, kwa hiyo omba dirisha la matengenezo linalotosha kurudisha mpangilio wa zamani pia. Kabla ya kugusa chochote, toa matokeo ya `parstatus`, amri inayoonyesha seli na patisheni zilivyopangwa, uyahifadhi nje ya mashine hiyo.