Manjano yasiyoisha na choo cheupe cha mtoto: majibu yenu

Mwanangu ana wiki tano, macho bado ya njano. Mama mkwe anasema tuendelee kumwotesha jua. Ananyonya vizuri na ananenepa. (Mama, Igoma)

Mama, achana na jua kwanza, fungua nepi mahali penye mwanga. Choo kikiwa cha njano kama kiini cha yai au cha kijani, bado mpeleke akapimwe, maana manjano ya kawaida huisha ndani ya wiki mbili hivi. Kikiwa cheupe au kijivu kama unga wa muhogo, na mkojo unaacha doa la njano iliyokolea, nenda leo. Huenda mirija inayotoa nyongo kwenye ini kwenda utumbo imeziba, ugonjwa uitwao biliari atresia. Ni wa nadra, na jua halizibui mrija. Kunenepa kusikudanganye: wiki za mwanzo watoto hawa huonekana wazima kabisa. Hospitali omba wapime bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, ya aina zote mbili, si jumla peke yake. Aina iitwayo ya moja kwa moja (direct) ikiwa juu, kasoro iko kwenye ini au mirija yake.

Mke wangu alikuwa akila udongo wakati wa ujauzito. Ndiyo sababu? (Baba, Sengerema)

Hapana. Udongo una madhara yake, lakini si haya. Hakuna aliyemroga mtoto, na kwa kawaida ugonjwa huu haurithiwi. Msilaumiane, mnapoteza siku.

Wanasema atapasuliwa. Wanafanya nini hasa, na kwa nini wana haraka? (Shangazi wa mtoto, Nansio)

Upasuaji huu uliasisiwa Japani miaka ya 1950 na daktari Morio Kasai, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mirija iliyoziba nje ya ini huondolewa. Kisha utumbo mwembamba hukatwa: ncha moja hupandishwa na kushonwa kwenye mlango wa ini, yaani pale mirija inapotokea, nyingine huunganishwa chini yake ili chakula kiendelee kupita. Pale kwenye mlango wa ini kuna vijirija vidogo mno ambavyo bado vinapitisha nyongo, nayo huteremka moja kwa moja utumboni. Choo kikirudi kuwa cha njano, familia nzima hushangilia nepi!

Haraka inatokana na ini lenyewe. Nyongo iliyokwama hulijaza makovu, na makovu hayarudi nyuma. Matokeo huwa mazuri zaidi mtoto akipasuliwa kabla ya siku 60. Chanjo ya wiki 6 ni siku ya 42, kwa hiyo anayesubiri kumwonyesha muuguzi kliniki siku hiyo amebakiwa na siku 18 za vipimo, rufaa na nauli. Msisubiri. Ombeni rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, mapema, meli ya kuvuka mnayo.

Akishapasuliwa amepona? (Mama, Magu)

Wengine hukua na ini lao hadi utu uzima. Wengi, hata nyongo ikitiririka, baadaye huhitaji kupandikizwa ini. Asipopasuliwa kabisa, wengi hawafiki miaka miwili. Baada ya upasuaji atahitaji vitamini A, D, E na K, kwa kuwa bila nyongo ya kutosha mwili haufyonzi mafuta vizuri. Na akipata homa, usikimbilie duka la dawa ukadhani ni malaria tu: bakteria wa utumboni huweza kupanda hadi kwenye ini kupitia utumbo ulioshonwa hapo, na hapo anahitaji antibiotiki za sindano siku hiyohiyo.