Maswali na Majibu: Ukungu wa Kijani Katika Mifuko ya Uyoga

Mifuko yangu ya uyoga mamama ilijaa nyuzi nyeupe, kisha yakatokea mabaka ya kijani. Je, uyoga umebadilika rangi? (Mama mkulima, Kibosho)

Hapana, mama. Hiyo ni kuvu nyingine, na dalili zako zinaelekeza kwenye jenasi (kundi la spishi zilizo na undugu wa karibu) ya Trichoderma. Mwaka 2006 watafiti wa Korea Kusini walieleza spishi mbili mpya, Trichoderma pleuroti na Trichoderma pleuroticola, walizozikuta katika mabanda ya uyoga wa jamii hiyohiyo unaoulima. Rangi ya kijani ni ya spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo. Inapoonekana, nyuzi za Trichoderma, ambazo nazo ni nyeupe, zimekwisha kutangulia ndani ya mfuko.

Kwa nini kuvu inakula kuvu mwenzake? (Mwanafunzi, Tengeru)

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ukuta wa seli za kuvu una kitini, dutu ileile iliyomo katika gamba la mdudu, na Trichoderma ina jeni nyingi za vimeng'enya vya kuivunja. Mwaka 2011, wanasayansi waliolinganisha jenomu (jumla ya jeni zote) za spishi tatu za Trichoderma walihitimisha kwamba kula kuvu nyingine ndiko kulikokuwa maisha ya mababu wa jenasi hiyo, ilhali Trichoderma reesei, iliyopatikana ikiozesha vitambaa vya pamba vya jeshi la Marekani katika Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilipoteza baadhi ya jeni hizo ikabobea katika kuvunja selulosi, dutu inayojenga kuta za seli za mimea. Ndugu wa Trichoderma, kuvu iitwayo Escovopsis, hushambulia bustani za kuvu zinazolimwa na sisimizi wa Amerika, na jenomu yake imepungua kwa kuwa imetegemea chakula cha aina moja kwa muda mrefu mno.

Je, ninyunyizie dawa ya ukungu ninayotumia kwenye nyanya? (Mkulima, Usa River)

Nakusihi usifanye hivyo, ndugu yangu. Uyoga wenyewe ni kuvu, na unaweza kudhurika. Tena vimelea huzoea dawa: katika miaka ya 1990, kuvu ya Cladobotryum iliyoshambulia uyoga Uingereza na Ayalandi ilistahimili dawa za ukungu za kundi la benomili kwa sababu ya badiliko la herufi moja tu ya DNA. Chemsha vizuri mabua unayooteshea uyoga, nawa mikono, na utoe mfuko wenye mabaka kabla ya kuufungua.

Nikifukia mifuko hiyo kihambani (shamba la nyumbani), migomba itaugua? (Msomaji, Marangu)

Haielekei kuugua, kwa kuwa baadhi ya spishi za Trichoderma hutumiwa kukinga mimea dhidi ya magonjwa ya mizizi. Ondoa plastiki, kisha fukia vilivyomo mbali na banda.