Ndoo Tupu Nyuma ya Mlango

Kwa miaka mingi nilihesabiwa kuwa mwanajumuiya hodari, kwa sababu sikukosa sala ya jumuiya Jumamosi asubuhi, na nilipoombwa kusali nilisali kwa maneno mengi. Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Dar es Salaam alipotoka hospitalini baada ya upasuaji, tulikwenda kumjulia hali tukiwa watu kumi na wawili, tukaimba, tukasali, nami nikamwambia, "Mama, ukihitaji chochote usisite kuniambia."

Siku ya tatu nilirudi kuchukua kitabu cha nyimbo nilichokisahau, nikakuta ndoo tupu nyuma ya mlango, jiko la mkaa limepoa, na vidonge alivyoagizwa kumeza baada ya kula vikiwa bado kwenye pakiti, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumpikia. Nilipomwuliza kwa nini hakuniita, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, ningeanzaje?"

Waraka wa Yakobo 2:15-16 unamtaja anayemwambia ndugu aliyepungukiwa riziki aende kwa amani, akaote moto na kushiba, wala asimpe kitu. Nilikuwa nimelisoma somo hilo mbele ya watu mara nyingi, nisidhani kwamba linanihusu.

Ndiyo maana nakushauri wewe unayekwenda kumwona mgonjwa au mfiwa: usimwachie yeye kazi ya kuomba, kwani kuomba nako kunataka nguvu, na mtu mzima huona haya. Tazama ndoo, tazama jiko, kisha sema, "Mama, nakwenda kuchota maji," uinuke. Ikiwa kodi ya nyumba ndiyo inayomkosesha usingizi, zungumza na mweka hazina kwa siri, wala usilitangaze jambo hilo kwenye kundi la WhatsApp.

Tena, rudi. Msamaria katika Injili ya Luka hakuishia kutia mafuta na divai kwenye majeraha ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, bali alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, akampa mwenye nyumba hiyo dinari mbili na kuahidi kulipa gharama itakayozidi atakaporudi. Sisi hujaa msibani, na turubai likishashushwa tunatawanyika, mjane akabaki na watoto wake katika wiki ya nne ambayo hakuna anayebisha hodi.

Kwa mama yule tulipanga zamu, watu watano, uji asubuhi na maji jioni, mpaka alipotolewa nyuzi. Tuliimba tukiosha vyombo, naye akituitikia kutoka kitandani.