Bibi alivunjiwa nyumba Fillmore, mjukuu ananunuaje?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Oakland, California. Bibi mzaa mama wa mume wangu alikuwa mpangaji mtaa wa Fillmore, San Francisco, mpaka jiji lilipobomoa nyumba ile miaka ya 1960. Bibi na mama mkwe wote ni marehemu. Tumesikia kuna cheti kinachowasaidia wajukuu kununua nyumba. Hatuishi San Francisco, na bibi hakuwahi kuwa na hati ya nyumba. Tuanzie wapi?
Msomaji, Oakland

JIBU: Dada yetu, hati isiwatie wasiwasi. Wapangaji waliondolewa pamoja na wenye nyumba, na haki hii inaifuata familia iliyohamishwa. Wakala wa jiji wa kujenga upya mitaa ulibomoa Western Addition, ambamo Fillmore imo, na Hunters Point, ukawapa waliohamishwa cheti cha kipaumbele, yaani cha kuwatanguliza katika nyumba za bei nafuu za jiji. Wengi wao walizeeka bila kukitumia, na hilo ni deni ambalo jiji lilichelewa mno kulilipa. Sheria ya California, AB 1584 ya mwaka 2021, ndiyo iliyowaingiza wajukuu na vitukuu. Kuishi Oakland si kizuizi.

Wakala wenyewe ulivunjwa mwaka 2012. Maombi sasa yanapokelewa na Ofisi ya Meya ya Makazi na Maendeleo ya Jamii, San Francisco. Mwombaji ni mume wako, kwa kuwa yeye ndiye wa damu ya bibi. Wewe utaingia baadaye kama mmoja wa kaya.

Anzeni na anwani. Kusema "Fillmore" hakutoshi. Inatakiwa namba ya nyumba na jina la barabara, kwa sababu mpaka wa mradi ulikatwa barabara kwa barabara, na nyumba ya ng'ambo ya pili ingeweza kuwa nje. Sensa ya Marekani ya 1950 ilifunguliwa kwa umma Aprili 1, 2022, na mnaweza kuisoma bure mtandaoni. Inataja anwani na walioishi nyumba ile. Lakini inawaonyesha bibi alipokuwa mwaka huo tu, na ya 1960 itafunguliwa 2032. Pengo hilo huzibwa na vitabu vya anwani za jiji, vilivyopangwa mwaka kwa mwaka kwa majina. Vipo katika kitengo cha historia cha Maktaba Kuu ya San Francisco, ghorofa ya 6, ambako pia yamehifadhiwa majalada ya wakala ule. Chimbueni na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa bibi vya miaka ile, maana mara nyingi viliandikwa makazi ya mama.

Kisha ungeni ukoo kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa cha mume wako kinachomtaja mama yake, halafu cha mama huyo kinachomtaja bibi. Hapa ndipo faili linaweza kukwama, hasa kwa sababu ya majina. Tuseme bibi aliandikishwa kwa jina la mume wa kwanza, akahamishwa akiwa na jina la wa pili. Anayekagua faili anaona watu wawili. Kila jina lilipobadilika, wekeni cheti cha ndoa au cha talaka. Na mume wako asiwaachie watoto kazi hii. Kwa sheria ya California, mtoto na mjukuu wanaweza kupewa nakala rasmi ya cheti cha kuzaliwa cha mzee wao, ila kitukuu hayumo katika orodha hiyo. Yeye hupewa nakala ya taarifa tu, yenye maandishi kwamba haithibitishi utambulisho.

SWALI: Cheti cha kipaumbele cha mke wangu kimetoka. Je, fedha za nyumba zinalipwa lini?
Msomaji, Vallejo

JIBU: Cheti hiki hakitoi fedha. Kinamweka mkeo mbele ya wengine katika bahati nasibu ya nyumba za bei nafuu za jiji, na masharti mengine yote yanabaki: kipato, historia ya mkopo, kutomiliki nyumba kwa miaka 3 iliyopita. Kinatumika mara moja kupanga na mara moja kununua.

Kabla tangazo la nyumba halijatoka, malizeni darasa la wanunuzi na ushauri wa mmoja mmoja, kisha mpate barua ya idhini ya awali ya mkopo kutoka kwa mkopeshaji aliye kwenye orodha ya jiji. Malipo ya awali ni angalau 5%, na 3% lazima itoke mfukoni mwenu. Kwa nyumba ya dola 300,000 hiyo ni 15,000, ambapo 9,000 ni akiba yenu wenyewe. Gharama za kukamilisha ununuzi ziko juu ya hapo. Ulizeni pia ada ya jengo ya kila mwezi, kwa sababu hupanda hata mkopo usipopanda.

Mnapojaza ombi kwenye DAHLIA, tovuti ya jiji ya kuombea nyumba hizi, dai kipaumbele hicho waziwazi na muandike namba ya cheti, kwa jina lilivyo kwenye cheti. Ombi lisilodai kipaumbele huchezeshwa kama la mtu yeyote. Jueni pia kwamba nyumba hizi huuzwa tena kwa bei iliyowekewa kikomo, na ni lazima mkae wenyewe.

SWALI: Nina nyumba Unguja kwa jina langu. Je, niitaje kwenye ombi la kununua nyumba za jiji?
Msomaji, Antioch

JIBU: Itaje, hata kama ni ya urithi na dada zako ndio wanaoishi humo. Kodi ya pango inayotoka huko inapaswa kuonekana kwenye marejesho yako ya kodi Marekani, na mkaguzi wa mkopo huyasoma marejesho hayo. Mwandikie mshauri wako wa nyumba, eleza sehemu yako ni ipi na tangu lini, uombe jibu kwa maandishi kabla hujaingia kwenye bahati nasibu.